Mke wa Mwalimu Anameza Vidonge

Maneno yaliyotaka kuvunja nyumba ya Kitinda hayakusemwa na adui. Yalisemwa na dada yake wa tumbo moja, mchana kweupe, akiwa amekaa kwenye cherehani yake na pini mdomoni.

Dada mwenyewe ni fundi wa nguo za kike, na mtaa mzima unamwita Mama Vifungo. Jina hilo kajitafutia. Mteja akija kuchukua gauni haondoki mpaka kila kifungo kivutwe na kutikiswa, na kikilegea hata kidogo kinakatwa na kushonwa upya, mteja amesimama na haraka zake. Pini anaziweka kwenye kona ya mdomo, na hazijawahi kumzuia kusema. Mafundi wengine wakiwa na pini mdomoni wananyamaza. Yeye anacheka, anagombeza na kutoa hukumu juu ya ndoa za watu bila hata moja kudondoka.

Ndoa hizo zilikuwa za kwenye televisheni. Chumba chake cha kushonea kina cherehani mbili za kukanyaga, meza ya kukatia, pazia la wateja kujaribia nguo, na juu ya kabati la vitambaa kuna televisheni ndogo ambayo upande mmoja wa kioo chake umeingia ukijani. Kila alasiri ilionyeshwa tamthilia ya nchi ya mbali, imetiwa sauti za Kiswahili, midomo ya watu inakwenda na maneno yanafuata nyuma yamechelewa. Majina ya watu wake hayakutamkika. Kwa hiyo Mama Vifungo na wifi yake, dada wa mumewe anayeshona naye, waliwapa majina yao wenyewe. Mama mkwe mkorofi wakamwita Pilipili. Na yule bwana mwenye hoteli, ambaye hakuweza kumtakia mtu hata usiku mwema bila kuinua kidole na kufafanua, wakamwita Mwalimu. Mkewe, bila kufikiri mara mbili, wakamwita Mke wa Mwalimu.

Ikiisha, wifi mtu alikuwa anageuka na kuuliza swali lile lile: "Haya, wifi. Ungekuwa wewe?"

Na Mama Vifungo alikuwa na jibu. Mume kaficha mke mwingine? "Ningefungasha vyake, si vyangu." Mke kasoma ujumbe kwenye simu ya mumewe? "Aliyesoma ana kosa, aliyeandika ana makosa, wote nje!" Wateja waliokuja kuchukua sketi walijikuta wanavuta kigoda na kubishana. Mama Vifungo aliwasikiliza wote kisha akakata shauri, na aliyekata rufaa aliambiwa arudi kesho kuchukua sketi yake.

Sasa, balaa lilikuwa hapa: mtaani kulikuwa na mwalimu wa kweli. Anafundisha hesabu shule ya sekondari, anakaa nyumba ya pembeni kidogo tu ya duka la fundi, na kamuoa Kitinda, mdogo wake Mama Vifungo. Nyumbani kwao waliacha kumwita kwa jina tangu utotoni, wakawa wanamwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao. Kitinda na Mwalimu walikuwa na miaka kadhaa ya ndoa na hawakuwa na mtoto. Mama yake Mwalimu alihamia kwao akisema anakuja kupumzika, lakini macho yake hayakupumzika. Kila asubuhi yalianzia kwenye tumbo la mkwewe. Alimwita gogo. Mwanzo alilisema kwa kuzunguka, baadaye alilisema wageni wakiwa wamekaa.

Mwalimu alikuwa mtu mpole. Tamthilia hakuipenda. "Shemeji," aliwahi kumwambia Mama Vifungo, kidole juu, "nyinyi mnalia kwa ajili ya watu wanaolipwa kulia." Mama Vifungo alicheka mpaka akajishika mbavu, na sababu ya kucheka hakumwambia.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, na umeme ulikatika tangu asubuhi. Televisheni ilikuwa kimya, cherehani za kukanyaga zikaendelea na kazi. Wifi mtu jana yake alikuwa kampeleka mama yake hospitali, sehemu ile ikampita, na tangu aingie alikuwa anawashwa.

"Basi nihadithie wifi, nitakufa mimi. Jana ilikuwaje?"

"Weee!" Mama Vifungo aliacha kukanyaga. "Kumbe Mke wa Mwalimu anameza vidonge!"

"Vidonge vya nini?"

"Vya kuzuia mimba, mama! Miaka yote mumewe anatafuta mtoto, mama mkwe anasema gogo, gogo, na yeye kajinyamazia. Anavificha ndani ya soksi. Kila asubuhi anafunga mlango wa bafu, anameza kimoja, anatoka anatabasamu."

"Uongo!"

"Haki ya nani. Na Mwalimu hajui kitu. Anamletea maua!"

Nyuma ya pazia alikuwepo Msusi, mwenye saluni ya kona, amekuja kujaribu gauni lake jipya. Msusi alikuwa mgeni mtaani, na alasiri zake zote zilikwisha kwenye vichwa vya watu. Tamthilia hajawahi kuitazama. Alichokijua ni kwamba Mwalimu ana mke, kwamba mke huyo hana mtoto, na kwamba anayesimulia ni dada yake mwenyewe. Alitoka nyuma ya pazia, akasema gauni linabana kwapani, akaondoka bila hata kujitazama kwenye kioo. Mama Vifungo alishangaa kidogo, maana wateja wanaoondoka bila kujitazama ni wachache sana.

Saluni ni saluni. Mpaka Ijumaa habari ilikuwa imeshakaa kila kiti.

Kitinda aliingia kwa dada yake Ijumaa hiyo alasiri, tamthilia ikiendelea, na hakusalimia. Alisimama mbele ya kabati, akaizuia televisheni kwa mgongo.

"Dada, umesema nini juu yangu?"

"Juu yako? Lini?"

"Umesema nameza vidonge. Umesema nimevificha ndani ya soksi. Mama mkwe kakung'uta soksi zangu zote, dada. Kamwaga kabati zima sakafuni. Kaniambia kesho nitoke."

Mama Vifungo alianza kueleza, akachanganya, akaanza tena: televisheni, hoteli, Pilipili, umeme, pazia. Alipofika kwenye pazia ndipo alipomkumbuka Msusi. Alisimama ghafla. Alitaka kwenda saluni saa hiyo hiyo akampe mwanamke yule vidonge vyake. Akalisikia neno lenyewe, vidonge. Akakaa.

"Kwa nini umwite huyo wa kwenye televisheni Mke wa Mwalimu?" Kitinda aliuliza. "Mke wa Mwalimu ni mimi. Hapa mtaani hakuna mwingine."

"Na mumeo kasemaje?"

"Kanyamaza."

"Kanyamaza vipi? Anaamini?"

Kitinda alifungua mdomo kama anayetaka kuongeza jambo, kisha akaufunga. "Haamini," alisema. "Anajua si kweli. Ila kanyamaza."

Wifi mtu alizima televisheni bila kuambiwa. Siku hiyo hakuna aliyeulizwa swali.

Jumamosi Mama Vifungo alivaa nguo ya heshima na kwenda kwa shemeji yake. Begi lilikuwa limesimama kando ya mlango, lile la kitambaa cha bluu ambalo zipu yake aliitengeneza mwenyewe. Limejazwa vibaya, kwa hasira, mkono wa blauzi umebanwa kwenye zipu. Kitinda amekaa kwenye kiti cha plastiki, si kwenye kochi, kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Mwalimu alikuwa mezani anasahihisha karatasi za mtihani, kalamu nyekundu mkononi. Mama yake amejaa kwenye kochi, mtandio umekazwa kichwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kumchukua?"

"Nimekuja kueleza, mama. Lile jambo ni la kwenye tamthilia."

Alieleza taratibu, kuanzia televisheni mpaka Msusi, mikono magotini. Bibi yule alimsikiliza mpaka mwisho na uso haukulegea hata nukta.

"Mimi ni mtu mzima," alisema. "Umeropoka siri ya mdogo wako, sasa unaisingizia televisheni. Televisheni haina mdomo wa kujitetea."

"Inao, mama. Leo saa nane wanarudia sehemu za wiki nzima. Tutazame wote. Mwanamke na vidonge vyake mtamwona kwa macho yenu."

Kalamu ya Mwalimu ilikuwa imesimama.

"Haya," alisema bibi. "Tutatazama. Asipoonekana huyo mwanamke wako, huyu anatoka na begi lake leo, na anayelibeba ni wewe."

Saa nane ilipofika Mama Vifungo aliwasha televisheni ya pale sebuleni. Aliwahi kuitazama tamthilia ile akiwa na homa, na safari moja akiwa na sindano imemchoma kidoleni, lakini hakuwahi kuitazama akiiogopa. Yalianza matangazo. Sabuni, rangi za nyumba, sabuni tena. Akawaza, wakikata kipande kile je? Marudio mara nyingine yanakatwakatwa. Wakiweka mpira je? Halafu muziki ukaanza, ule ule.

"Huyo Mwalimu ni yupi?" aliuliza bibi.

"Yule mwenye suti ya kijivu, mama."

Bibi alisogeza shingo mbele. Kwenye kioo, bwana mwenye suti alikuwa anateremka ngazi za marumaru, wahudumu wanamwinamia. "Bwana mkubwa, wageni wa vyumba vya juu wamefika," mmoja alimwambia.

"Huyu ana hoteli!" bibi alisema. "Mwalimu mwenye hoteli umemwona wapi wewe? Hata jina hawamwiti Mwalimu. Umenikalisha hapa unanichezea?"

"Mwalimu ni jina letu sisi, mama. Mimi na wifi yangu. Tulimpa wenyewe."

"Kwa nini mumpe mwenye hoteli jina la Mwalimu?"

Mama Vifungo alitazama sakafu. Hapo ndipo alipokuwa anaombea wasifike. "Kwa sababu ya kidole," alisema.

"Kidole gani?"

"Anavyoongea. Anainua kidole. Anafafanua. Tukasema anafanana na..." Hakumalizia.

Mwalimu aligeuka kwenye kiti chake. Hakukasirika, alikuwa na uso wa mtu anayetaka kuelewa. Akainua kidole. "Shemeji, subiri kwanza," alisema. "Tuanze mwanzo."

Na kwenye kioo, bwana mwenye suti ya kijivu akasimama katikati ya ngazi, akainua kidole, akawaambia wahudumu wake: "Subirini kwanza. Tuanze mwanzo."

Bibi alimtazama wa kwenye kioo, akamtazama wa mezani, akarudi kwenye kioo. "Mh!" alisema. "Mwanangu mtupu." Kitinda aliziba mdomo kwa kiganja. Hata Mama Vifungo alikaribia kucheka, ila picha ikakatika. Kioo kikawa cheusi, feni ya juu ikapunguza mwendo, na chumba kikajaa sauti za mtaani. Umeme.

Bibi alikunja mikono. Feni ikazunguka mara ya mwisho ikasimama, na Mama Vifungo akajiona anatembea barabarani na begi la bluu begani, Msusi anachungulia mlangoni. Alijikaza asilie mbele ya mkwe wa mdogo wake. Kisha taa ndogo nyekundu ya televisheni ikawaka, feni ikakohoa, picha ikarudi.

Mke wa Mwalimu alikuwa bafuni. Alifunga mlango kwa ufunguo. Akakaa ukingoni mwa beseni, akatoa soksi nyeupe mfukoni, akaichokonoa kwa vidole viwili. Kidonge kilionekana wazi. Akakimeza bila maji, akajitazama kwenye kioo, akafanya mazoezi ya kutabasamu.

"Lahaula!" Bibi alipiga makofi mara moja, kwa nguvu. "Soksi! Soksi ile ile! Kumbe kweli ni sinema! Ona Msusi alivyotaka kunigombanisha na mwanangu!" Alicheka, mtandio ukamteleza. "Basi yameisha. Kitinda, yameisha mama. Hebu tuletee chai."

Yameisha. Mama Vifungo alishusha pumzi aliyoibana tangu jana. Kitinda aliinuka, na hakuwa na uso wa mtu ambaye yamekwisha. Alileta vikombe, akamimina. Kwenye kioo Pilipili alikuwa amemsimamia mkwewe, mikono kiunoni, anamwambia maneno, na katikati yake likatoka lile neno: gogo. Mtia sauti alilitamka vizuri, kwa kulivuta. Bibi aliacha kucheka. Alilisikiliza kama mtu anayesikia jina lake likiitwa na mgeni.

Alipuliza chai yake. Halafu akauliza, si kwa ukali, bali kwa sauti ya mtu anayefuatilia hadithi:

"Sasa huyu wa kwenye televisheni ana vidonge, angalau tunajua. Wewe vidonge huna. Basi mtoto yuko wapi?"

Swali lilikaa pale mezani pamoja na vikombe. Mama Vifungo alimtazama mdogo wake, akitegemea kumwona amemtazama mama mkwe, au ameinamisha kichwa. Kitinda alikuwa anamtazama mumewe. Na Mwalimu alikuwa anatazama tamthilia, yeye ambaye hajawahi kuitazama, anaitazama kwa bidii ya ajabu.

"Mume wangu," alisema Kitinda. "Ulisema utasema mwenyewe."

Hakuna aliyemwambia Mama Vifungo kitu, lakini jana ile, pale Kitinda alipofungua mdomo na kuufunga, sasa aliielewa.

Mwalimu alichukua rimoti, akazima televisheni. Aliinua kidole kwa mazoea, akakiona, akakikunja, akaufutika mkono chini ya paja.

"Mama," alisema. "Tulipimwa wote wawili. Yeye hana kasoro. Ni mimi."

"Lini?"

"Zamani kidogo."

"Lini, nakuuliza."

"Kabla hujahamia hapa."

Bibi aliweka kikombe chini, polepole, kama kilichojaa mpaka ukingoni. "Nimemwita gogo," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Mbele ya wageni. Na wewe ulikuwa umekaa hapo hapo."

"Ndiyo, mama."

"Jana nimekung'uta soksi za mtoto wa watu. Ulikuwa umekaa hapo."

Bibi aliinuka kwa tabu, akaenda mlangoni, akalikamata begi la bluu na kuanza kulikokota kurudi chumbani. Alikuwa analia bila sauti. Samahani hakusema, huenda hakuwa na pa kuianzia.

"Liache hapo, mama," Kitinda alisema.

"Nakurudishia vitu vyako mwanangu."

"Nakuomba uliache."

Mwalimu alisimama. "Si nimesema? Nimeshasema sasa." Alikuwa na sauti ya mwanafunzi aliyemaliza swali gumu na anangoja vema yake.

Kitinda alimtazama bila hasira, na hilo ndilo lililomtisha dada yake. "Nilikungoja," alisema. "Nilisema huyu ni mume wangu, aibu yake ni yangu, nikae nayo mpaka awe tayari. Nikakaa nayo. Msusi asingekosea, ungesema lini?"

Karatasi za mtihani zilipeperushwa na feni, mbili zikaanguka sakafuni. Mwalimu aliinama kuziokota, na alipoinuka mkewe alikuwa ameshaunasua mkono wa blauzi kwenye zipu na kulifunga begi vizuri.

Njiani dada mtu alishika mkono mmoja wa begi, mdogo mtu mwingine. Msusi alikuwa mlangoni kwake, akawaona, akaingia ndani haraka. Mama Vifungo hakuwa na nguvu hata ya kumsonya. Alikuwa amekwenda kule kumwokoa mdogo wake asitoke na begi, na begi ndilo hili, na mwenye kosa hakuwa Msusi wala bibi wala soksi.

Walimkuta wifi mtu kwenye kigoda, macho juu ya kabati, sehemu ya mwisho ya marudio ndiyo inamalizika. Alikuwa na shangwe. Alidhani wametoka kushinda.

"Afadhali mmefika! Mwalimu kajua kila kitu, sasa anamwomba mkewe wasameheane waanze upya. Haya wifi, ungekuwa wewe?"

Kisha akaliona begi. Alitafuta rimoti kwa mikono miwili na hakuiona. Muziki wa mwisho ukaanza kupiga.

Kitinda alikaa kwenye kiti cha wateja, begi miguuni. "Mjibu, dada," alisema. "Mimi pia nataka kusikia. Ungekuwa wewe, ungerudi?"

Mama Vifungo aliketi kwenye cherehani yake. Kulikuwa na gauni la Msusi, kwapa zimefumuliwa, linasubiri kuongezwa. Alilivuta karibu. Alichukua pini kwenye kopo, akazitia mdomoni moja moja, na kwa mara ya kwanza tangu aanze ufundi zikamzuia kusema.